Tochi Yangu na Mikarafuu ya Bibi

Ijumaa jioni, Kihonda.

Mvua imekatika sasa hivi, lakini mapaa bado yanachuruzika. Nimekaa kitandani na tope la Matombo magotini, sijaoga, sijala. Mikono inanuka karafuu. Nikiinusa natamani kulia.

Nianzie kwenye tochi. Miezi miwili nimeiunda kibandani kwangu, ninapotengeneza simu na redio. Betri nilizitoa kwenye kompyuta iliyokufa, kasha ni kipande cha bomba la alumini, na swichi ina rangi nne. Nyeupe ni ya kuonea njia. Nyekundu haiumizi macho gizani. Kijani haina kazi, niliipenda tu. Zambarau ndiyo yenyewe, ndugu yake ile taa ya kukagulia noti bandia. Kuna mawe ukiyamulika kwa hiyo usiku yanawaka. Rubi huwaka nyekundu, kama kaa la moto.

Nilimtengenezea Mjomba Shomari, kaka yake mama. Miaka yote anaokota mawe mekundu kwenye shamba la Bibi kule Matombo, na madalali wa madini wanamcheka. Nilitaka wakome.

Juzi usiku tukashuka naye korongoni. Tuliona nge tu, wanawaka kijani chini ya zambarau, mpaka nikaogopa kuweka mguu chini. Tukarudi. Sebuleni akaleta beseni la mawe aliyookota chini ya mikarafuu, nami nikayamulika.

Yakawaka yote.

"Yarabi! Mwanangu, unaona? Si nilisema?"

Yaliwaka bluu nyeupe, si nyekundu. Niliona. Lakini mzee mzima anarukaruka mbele yangu, na tochi ni ya mikono yangu, nikajibu, "Ndiyo yenyewe, Mjomba." Maneno matatu. Asubuhi akawa ameshaagiza watu wa msumeno wa mashine waje Ijumaa, wakate mikarafuu yote, achimbe chini ya mizizi.

Alinipa konzi moja ya mawe nije nayo mjini. Jana jioni nilifunika dirisha kwa blanketi nikayamulika tena, na shati langu la kazini, lililotundikwa ukutani, likawaka bluu nyeupe ileile.

Sabuni ya unga.

Mjomba huyaloweka mawe yake humo usiku kucha ili yang'ae, na kile kinachong'arisha nguo ndicho kilichokuwa kinawaka. Niliyasuuza kwa maji matupu mara tatu. Yakazima.

Nilimpigia, hapatikani. Nikampigia binti yake Zuhura, naye hapatikani. Mvua ikinyesha kule mtandao hupotea, najua, lakini nilipiga tu mpaka simu ikapata moto.

Leo alfajiri nikachukua bodaboda. Kwenye matope tulishuka tukasukuma. Nilisikia msumeno kabla sijaliona shamba. Mikarafuu mitatu ilikuwa chini, harufu imejaa mpaka barabarani, na Mjomba ameshavaa kanzu yake ya Ijumaa, anasimamia.

"Shikamoo Mjomba. Waambie wasimame kwanza."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

Nikamvuta kwenye stoo ya ndizi, nikafunga mlango, nikammulika kifuani. Kanzu ikawaka kuliko beseni zima la mawe.

Alinyoosha mikono ya kanzu akajitazama. "Kumbe sabuni," akasema. Kisha, "Basi na mimi ni madini." Hakucheka. Alitoka akawaambia watu wa msumeno waondoke, akaenda kukaa juu ya gogo la mkarafuu ambao Bibi aliupanda mwaka aliozaliwa mama yangu. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Yangeishia hapo, leo ningelala.

Nimeandika kwamba niliyasuuza mawe yakazima. Hayakuzima yote. Kokoto moja, ndogo kama punje ya mahindi, iliwaka nyekundu. Niliisuuza tena, nikaikwangua kwa ukucha, ikaendelea kuwaka. Pale stoo nilikuwa nayo mfukoni, Mjomba akijitazama kanzu, na nikanyamaza.

Nilijiambia naiokoa mikarafuu minane iliyobaki. Pengine ni kweli. Lakini juzi nilimdanganya ili nimfurahishe, na leo nimemdanganya ili nimzuie, na mara zote mbili mimi ndiye niliyeshika tochi. Jiwe ni lake. Na ilikuwa zamu yake kuwacheka madalali.

Mjomba hasomi blogu. Zuhura anasoma kila ninachoandika, na mtandao wa Matombo umerudi tangu mchana. Robo saa sasa kidole changu kiko juu ya kitufe cha kuchapisha.

Zuhura, msomee baba yako yote, mpaka hapa. Mwambie jiwe lake ninalo, kesho nalileta.

Na umwombe asiwaite wale wa msumeno kabla sijafika.