Majani ya Magimbi

Kariakoo, Jumapili

Shikamoo Bibi,

Mwenzio bado nimeduwaa. Leo Wajamaika na wenzao wa visiwa vya Karibi wanaofanya kazi hapa mjini wamefanya sherehe ya mapishi ya kwao, ukumbini nyuma ya soko. Mama mmoja anayecheka kama shangazi kabisa akanipakulia mboga ya nazi na kaa. Nikala sahani mbili, ndipo nikamwuliza ni mchicha gani huo. Akanionyesha jani bichi.

Bibi, lilikuwa jani la gimbi. Yale yale tuliyojifunika mvua tukienda shule, uliyotuambia yanawasha. Nikashika koo, nikasubiri. Wapi, hayakuwasha.

"Unayachemsha sana, ndugu," akasema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Bibi wa bibi yangu alichukuliwa utumwani kutoka huku Afrika. Tunapika alivyopika yeye. Kwenu mnayapikaje?"

Nikamwambia sisi tunayatupa.

Akaweka mwiko chini, akakaa. Hakucheka tena. Hajui kijiji alikotoka huyo bibi yake, wala hana wa kumwuliza.

Nimemwambia Krismasi nakuja naye kwako. Ukipalilia, tafadhali, majani uyaache.

Ubaki na afya, Bibi yangu.

Mjukuu wako,
Ndeshi