Akuitaye Hakwambii Njoo

Dada yangu Mishi,

Leo sikuamkii. Shikamoo yako nimeiweka kando, utaipata mwisho. Nikianza na salamu nitakuuliza hali, kisha nitakusifu, na nikishakusifu hasira zitanitoka nisahau nililokusudia. Nawe wapenda sana iwe hivyo.

Mwanao anasoma kushawishi. Ndiyo, siku hizi watoto wa gredi ya nne wanafundishwa shuleni namna ya kumgeuza mtu moyo kwa maneno: uliza swali lisilotaka jibu, rudia neno lako, mguse msikilizaji penye huruma. Nyumba hii ya Magogoni haina raha tena. Nikimwita Rukia, ananijibu, "Abee, mama mdogo," kwa sauti ya asali, kisha anaendelea: "Hivi Kisauni nzima kuna nani anayepika mahamri kama yako? Nani? Nani?" Hapo najua vyombo havijaoshwa.

Ningemlaumu mwalimu wake, Mwalimu Mutua, lakini hii ni damu yako. Wakumbuka baba alivyokataa tusivuke kwenda Likoni kwa shangazi siku ya Idi? Mimi nililia na kuomba waziwazi, nikaambulia makaripio. Wewe ulimpigia pasi kanzu, ukamwombea afya, ukausifu udi wake. Ulipofika mlangoni ndipo ukasema, kana kwamba wajisemea mwenyewe, "Watu wasema mwaka huu pembea za Likoni ni mpya." Baba akacheka. "Haya nendeni, msinichoshe!" Njiani ukanifunza: "Saumu, mtoto wa adabu hadai. Hugusia tu." Maneno hayo hayo ulimwachia Rukia asubuhi ulipoondoka kwenda Maskati, naye kakushikilia mkoba.

Na kusikia je? Nani alikushinda? Mama akisema tu, "Sakafu ya leo ngumu," wewe ushaleta mafuta ya kumkanda miguu, mimi bado naitazama sakafu. Basi nieleze, dada, masikio yale umeyapeleka wapi?

Maana Ijumaa mwanao alikupigia simu, nami nilikuwa hapo hapo nachambua mchicha. Alikuamkia vizuri. Akakwambia kabati lako bado analipanguza. Akakwambia jino limetoka lakini hajalitupa, ataka ulione mwenyewe. Akakuuliza, "Mama, huko kuna maembe? Huku yameanza." Wallahi mchicha ulinianguka mkononi. Na wewe, mtoto wa mama yule yule, ukamjibu, "Mashaallah, umekua! Nitakutumia viatu vya kuwaka taa."

Viatu, Mishi!

Kisha ukataka simu nipewe mimi, ukaniambia tajiri wako ataka utie sahihi mkataba mwengine wa miaka miwili, nawe waona hakuna neno, kwa kuwa "huko mko sawa, hata mtoto hasemi kitu." Nilisema inshallah nikakata, na tangu siku hiyo nagombana na sufuria.

Sikuandiki kwa kuwa nimechoka kumlea. Rukia ni wangu pia, na akiondoka chumbani mwangu nitamlilia. Wala sijasahau kilichokupeleka. Ulikwenda kwa ajili ya nyumba hii. Haya, nyumba ina paa, ina choo, ina mpaka maua getini. Aliyejengewa ndiye anayekungoja.

Jumanne Mwalimu Mutua aliniita shuleni. Nilidhani mtoto kavunja kioo. Kumbe walikuwa wameambiwa kila mmoja asimame mbele ya darasa amshawishi mtu anayemtaka. Mmoja alimshawishi mwalimu mkuu aongeze muda wa mapumziko, mwengine babake anunue mbuzi. Rukia alikushawishi wewe. Alisema kabati, akasema jino, akasema maembe, akarudia, kwa maneno matamu.

"Nikamwambia, Rukia, umeongea vizuri sana, lakini huyu mama hajui unataka afanye nini," mwalimu alinieleza. "Nikamwambia aseme tu. Unataka nini?"

Mwanao akainama. Akasema, "Si adabu, mwalimu." Akarudi kukaa, akalaza kichwa juu ya dawati, na hakukiinua mpaka kengele.

Mwalimu Mutua ni mtu wa bara, haelewi mambo yetu ya kugusia. Aliniuliza kwa upole, "Kwani mama yake haambiwi?" Nilitaka kumwambia huambiwa kila Ijumaa, na ni mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hii. Niliona haya kwa ajili yako, dada. Nilikukasirikia njia nzima mpaka nyumbani, na nilipofika nikalikuta kabati lako linang'aa, nikalia.

Sisi ndio tunaosema akufukuzaye hakwambii toka. Basi na akuitaye hakwambii njoo. Atapanguza kabati, atahifadhi jino, atakutajia maembe, angoje usikie. Mwanao hatavunja adabu uliyomfunza, hata ukikaa huko mpaka aolewe. Kwa hivyo naivunja mimi kwa niaba yake, na ukirudi unigombeze utakavyo.

Usitie sahihi. Njoo.

Na shikamoo, dada.

Mdogo wako,
Saumu, mama mdogo wa Rukia