Tundu Nililomficha Mama

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Dodoma? Sisi huku Kabasa tuko wazima. Mguu wa babu yako umepata nafuu, na mbuzi wa shangazi yako amezaa mapacha. Unaniuliza kwa nini wingu likifunga tu mimi situlii.

Mama yangu alipofiwa na baba, kule Nyamuswa, alikataa kurithiwa na shemeji yake. Basi hakuna mwanaume wa ukoo aliyekubali kumwezekea nyumba, na kwetu mwanamke alikuwa hapandagi paa. Mchana mama alichuma pamba, jioni akakata nyasi, na zilipotosha akapanda mwenyewe. Watu wakasimama njiani wanacheka. Mimi nikajificha ndani kwa aibu.

Huko ndani nikawa naona matundu ya mwanga yanazibwa moja moja. Akaniita kutoka juu, "Bado unaona mwanga?" Lilikuwa limebaki tundu moja. Nikajibu, "Hapana, mama, shuka." Nilitaka tu waache kumtazama.

Jioni ileile mvua ikaja, ikadondokea kitanda chake. Alisogeza kitanda, akatega sufuria, na asubuhi akapanda tena, watu walewale wakimtazama. Safari hii nilimshikia ngazi.

Nyumba yangu sasa ni ya bati, Neema, na haivuji. Lakini mvua ikianza naingia kila chumba, natazama juu. Niishie hapa, upande wa ziwa kumeshaanza kunguruma.

Bibi yako