Maji Yenye Ladha ya Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Kidonge kipya cha moyo. Daktari anasema kinazuia potasiamu isitoke mwilini. Madini hayo ndiyo yanayouamuru moyo upige na upumzike. Yakipungua, balaa. Yakizidi, balaa. Na mimi miaka yote nikidhani ni mapenzi!

Mezani nimelalamika tena. Maji ya mji huu hayana kitu. Tangu tukimbilie huku ulimi haujayazoea. Ya kisima chetu yalikuwa na uchungu kidogo, kama umelamba ufunguo. Mkwe wangu akacheka: “Maji ni maji, Baba! Au nikutilie misumari?”

Alhamisi, 6 Machi
Glasi ya asubuhi — uchungu ule ule! Nimeiinua dirishani. Maji maangavu, hayana neno. Lakini ni ya kisimani. Na kisima kile kilifukiwa, nikitazama. Mkwe alinikazia macho nilipokuwa nakunywa, kisha akageukia sufuria zake. Sikuuliza.

Jumapili, 9 Machi
Nimemaliza jagi. Midomo ina ganzi, miguu mizito kama imevaa tope. Mchana kweupe nimesikia kamba ya ndoo ikikwaruza ukingo wa kisima. Jikoni. Nimekwenda — hamna mtu.

Moyo unapiga, unangoja. Kama mtu anayetangulia, akisimama kuona kama unamfuata. Siogopi. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 12 Machi
Kliniki. Muuguzi alinishika mshipa wa mkono, akabadilisha mkono. Akatoa damu. “Babu, unakula nini huko nyumbani?” Nikasema nakunywa maji tu. Akacheka peke yake.

Baadaye — simu. Mkwe kaweka spika. Muuguzi yuleyule: potasiamu imepanda mno, nisile, nisinywe, gari linakuja. Je, natumia ile chumvi ya wagonjwa wa moyo? Ni potasiamu hiyo, na kidonge hakiiachii itoke.

Mkwe kakaa sakafuni, pakiti mkononi. Alikuwa ameninunulia chumvi hiyo kwa mboga. Akaionja, akakuta uchungu ninaousema kila siku. “Nikawa natia kwenye jagi, Baba. Nilitaka ufurahi tu.”

Nimemwambia nilifurahi. Kweli tupu.

Sasa yuko mlangoni, anatazama barabara. Glasi ya mchana iko hapa kando ya kalamu, nusu. Kiu — sijawahi kuona kiu kama hii. Moyo unapiga. Unangoja. Kamba inakwaruza tena.

Nimemwita aje aiondoe glasi. Hakusikia. Labda sikuita kwa sauti.