Sauti Yako Imetokea Sebuleni

Shoga, usinitumie sauti tena.

Si unajua tuliacha king'amuzi, siku hizi tunaunganisha simu yangu na TV? Tamthilia ya mama mkwe ilipoisha nikaja na simu jikoni, nikafungua sauti yako. Ikatokea sebuleni.

"Huyo Jenerali wako ataondoka lini?" Sauti ya TV iko juu kabisa. Jenerali wako ataondoka lini.

Nimekimbia kuzima sauti ya TV, nikamwambia mama mkwe ni tangazo. Ameniangalia tu, nikarudi jikoni.

Mume wangu akiambiwa mama yake ndiye namwita Jenerali, nimekwisha.

Mbona kimya kimezidi huko sebuleni?

Mungu wangu. Nimezima sauti tu. Simu sijaitoa kwenye TV.

Ananiita.

"Mwanangu, kuza maandishi. Hapo pa Jenerali sijasoma vizuri."