Bibi si mzigo

Fausta, mume wangu kaniaibisha leo mbele ya ukoo mzima. Siamini mpaka sasa.

Jana si niliwaambia wasikodi gari, bibi tutampeleka kuzikwa Madaba kwa pikapu ya Derick? Ile mpya, anayoifuta kila asubuhi kwa taulo langu la kuogea.

Wanaume wametoka na jeneza begani, Derick katanua mikono mbele ya gari kama golikipa. "Hapana jamani, rangi itachubuka. Hili si gari la mizigo."

Mizigo! Fausta, bibi aliyenilea ni mzigo!

Sasa pikapu ni ya nini? Tangu ainunue haijabeba hata debe la mahindi!

Aliyetuokoa ni Iddi, jirani yetu muuza mkaa. Kafagia kigari chake kile kibovu, katandika kanga za mkewe, tukampakia bibi.

Derick bila haya: "Basi mimi nitangulie, niongoze msafara."

Mama akamjibu taratibu: "Tangulia, mkwe wangu. Angalia tu lisichubuke."

Nakuandikia nikiwa nyuma kwa Iddi, gauni limejaa mkaa, nimeshika jeneza. Namwona Derick kule mbele, kawasha mataa yote, viti vinne vitupu.