Mtandao Unakwama Nikimuuliza Hali

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, hujambo. Hapa nyumbani mama mkwe hajambo, ni meno tu. Mzee wangu hajambo, mgongo umemwachia. Kitinda mimba wangu mzima, anasoma, anakula kwa niaba ya watu wawili. Mimi nipo na pasi yangu na mafua yangu. Aliyebaki kutajwa ni binti yangu mkubwa, aliyeolewa mbali — na huyo ndiye sijui hali yake. Ndiyo maana nakuandikia.

Jioni alipiga simu ya picha. Tukaongea mvua, safi! Tukaongea sabuni, safi! Nikamuuliza, mbona umekonda? Akaganda, mdomo nusu wazi. Simu kwisha. Baadaye mumewe kaandika, eti mtandao wa huko kwenu mbovu, mama.

Mara ya tatu hii! Mvua inapita, sabuni inapita, hali yake haipiti. Mzee wangu kacheka: kumbe mtandao nao mmbea, unachagua maneno? Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita fundi aliyetufungia kile kiboksi cha intaneti dirishani. Nikamkalia kooni. Ulituahidi kasi ishirini, iko wapi? Akapima kwa simu yake. Pale dirishani, kumi na tisa. Kule nyuma ninakopigia pasi, na ndiko napokelea simu — moja na nusu!

Akatazama kamba zangu. "Mama, haya mashuka ya gesti yote mabichi?"

"Yote. Kwani umekuja kufua?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti maji yanakula mawimbi. Kiboksi ukuta mmoja tu kinaupenya kwa shida, halafu mimi nakitundikia mashuka arobaini na jiko la mabati juu yake! Na jioni mtaa mzima unang'ang'ania mnara mmoja, ule wa nyuma ya kilima. Ile ishirini, kasema, ni ya mtu aliye karibu, peke yake, bila kizuizi. Nikamwambia mtu huyo hayupo mtaa huu. Kasema hata yeye hajawahi kumwona.

Nimeona haya. Nimemshuku mkwe, mtoto wa watu, wiki nzima, kumbe ni mashuka yangu!

Alhamisi, 6 Machi

Haya imeisha, wasiwasi umerudi. Leo nimepima mwenyewe. Kitinda ananisomea namba kwenye simu, mimi nabana kibanio cha nguo kwenye kamba kila inapobadilika. Hatua kumi toka dirishani — nzuri. Hatua ishirini — inalegea. Nyuma ya jiko — hakuna kitu. Asubuhi ni bora kuliko jioni.

Nikakaa penye kibanio cha kwanza, nikampigia dada yangu. Naye anakaa mbali vilevile. Saa nzima! Mpaka pengo lake jipya nimeliona. Nikamuuliza mambo ya ndani kabisa, hakukwama hata mara moja.

Basi labda ubovu uko kwa binti. Fundi alisema simu ina ncha mbili. Nikamwandikia: mwanangu, mnara wenu uko mbali? Jibu likaja hapohapo: "Uko mbele ya nyumba, ukifungua dirisha unauona. Sisi huku tuko vizuri."

Binti yangu haandiki hivyo. Hata salamu? Hata kumuulizia bibi? Huko kujisifu nakujua ni kwa nani. Simu ya mwanangu inakaa mkononi mwa nani?

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu asubuhi nimeketi chini ya dirisha. Shuka hata moja sijaanika. Kitinda kapima: kumi na nane. Nikapiga mimi.

Picha kama yuko chumbani kwangu! Kajifunga kitambaa shingoni, na joto lote lile. Pembeni naona goti la mwanamume. Tukaongea mvua. Tukacheka. Nikasema, mwanangu, hebu fungua hicho kitambaa nikuone shingo.

Akatazama pembeni. Kisha akaganda. Macho hayapepesi, mdomo nusu wazi, kama siku zile zote.

Lakini nyuma yake pazia lilikuwa linapepea.

Nimeliona mimi! Feni inalisukuma, linakwenda, linarudi — na mwanangu ametulia kama picha ya ukutani. Anajigandisha! Nikamwita jina lake la utotoni, polepole. Chozi likashuka kwenye shavu lisilocheza. Mkono ukaja mbele. Giza.

Nimemwambia mzee wangu. Hakutania. Anatafuta viatu, naye anavyo miguuni.

Nikiandika ninachotaka kuuliza, yule mumewe atasoma. Nimeandika hivi: Mwanangu, ule ufunguo wa sanduku la bibi uliuweka wapi? Yeye peke yake ndiye anajua.

Pale juu inasema anaandika. Imeacha. Anaandika tena. Imeacha.

Jibu upesi, mwanangu. Jibu kwa mkono wako.